Karani wa Mvua

Kila siku ya shule, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, niliomba ruhusa darasani, nikachukua daftari lenye jalada gumu na kwenda nyuma ya stoo kusoma mvua. Ndivyo tulivyosema, kusoma mvua. Kipimamvua chetu kilikuwa mtungi wa bati uliozungushiwa waya ili mbuzi wasiuangushe, juu una faneli na ndani una chupa. Niliyamimina maji ya chupa kwenye kipimo cha kioo, nikachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasoma milimita. Kisha niliyamwaga maji, nikaandika namba daftarini, halafu nikaenda langoni kuiandika kwa chaki kwenye ubao ulioelekea barabarani. Wenzangu waliniita Karani, nami nilivimba kichwa kwa jina hilo.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Shule yetu ipo kwenye mteremko wa mlima, na kwetu ni bondeni, kando ya mto, mwendo wa dakika arobaini ukiteremka. Mvua inaweza kupiga mlimani huku bondeni kukiwa na manyunyu tu, na maji ya mlimani huchukua saa nne au tano kutufikia. Ubao ukionyesha chini ya thelathini, watu wa bondeni waliendelea na shughuli zao. Ukionyesha kati ya hapo na arobaini, walifunga mizigo wakakaa macho. Ukionyesha arobaini na zaidi, walibeba watoto, magodoro na sufuria, wakapanda shuleni kusubiri mto upite. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilitazamana na lango, ndiye aliyepiga simu bondeni kila asubuhi.

"Karani, mlima umesemaje leo?" alikuwa akiniuliza, mikono imejaa grisi.

"Kumi na moja, fundi."

"Kumi na moja tu? Basi umekohoa, haujatapika."

Simu yake ya kwanza ilikwenda kwa baba yangu. Baba na mdogo wake, yaani baba mdogo, walikuwa mafundi wa matofali ya kuchoma. Baba alifyatua, baba mdogo alichoma. Tanuri likishawashwa haliachwi. Linakaa na moto siku tatu, na mchomaji anakaa nalo, anakula hapo hapo, analisikiliza kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Ukiliacha katikati, matofali yanatoka mabichi na jasho la wiki sita limepotea. Kwa hiyo hawakuwasha bila kusikia namba yangu.

Sasa niseme ukweli wote, maana nusu ukweli imeshaniletea balaa la kutosha.

Mwaka uliotangulia, kabla hatujawa na kipimamvua, mto ulivunja kingo mchana kweupe. Ulichukua nyumba tisa. Ulimchukua pia rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, ambaye alikuwa na tabia ya kunikanyaga mguu kila mwalimu alipokosea kutamka neno ili nisicheke. Alipatikana siku ya tatu. Tulipomaliza kuzika, mwalimu mkuu alitukusanya, akasema tusome kwa bidii kwa sababu ndivyo marehemu angependa. Kesho yake dawati letu lilihamishiwa darasa lingine, nami nikapewa jipya. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyetaja jina lake shuleni, si mwalimu wala mwanafunzi. Tulijikaza kisabuni, sote.

Muda mfupi baadaye alikuja mwalimu mpya wa kike, wa jiografia. Alitembea na ramani iliyokunjwa kwapani, tukampa jina la Mwalimu Ramani. Alijua kufundisha, hilo sitamnyima. Ndiye aliyeleta kipimamvua, akanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Ndiye pia aliyetueleza habari za mabadiliko ya tabianchi, jinsi dunia inavyozidi kupata joto, jinsi hewa yenye joto inavyobeba maji mengi zaidi, na kwa nini mvua kubwa kama ile zitakuja tena na tena. Alichora ubaoni mstari uliopanda kwenda juu kulia. Kengele ikalia, akakunja ramani yake, akatoka. Tukabaki tunautazama ule mstari, kila mtu kivyake, kisha tukaenda mapumziko kucheza kama kawaida.

Nilipoanza kazi ya ukarani niliandika kila kitu kama kilivyo. Siku moja nikasoma arobaini na nne. Fundi akapiga simu, na bonde zima likapanda shuleni. Nilimwona mama akija na mfuko wa vyeti vyetu kifuani, midomo imemkauka. Mdogo wangu wa miaka sita alitapika njia nzima. Siku ile mto ulifurika. Wiki mbili baadaye nikasoma arobaini na moja, wakapanda tena, na safari hii mto ulipita kimya. Mdogo wangu akakataa kula siku mbili. Mama akawa anashtuka hata bomba likifunguliwa kwa jirani. Nilipowatazama nilijiambia kwamba mimi ndiye ninayewafanya hivi, mimi na chaki yangu.

Basi nikaanza kupunguza. Kuna watu hutia chumvi wanaposimulia, mimi nilikuwa naitoa. Mara ya kwanza thelathini na tatu niliiandika ishirini na tisa. Hakuna lililotokea, na mama alilala vizuri. Nikapata raha ambayo sikuwa nayo kwa mwaka mzima. Kila nilipoandika namba ndogo niliona kama mvua yenyewe imepungua. Nilisoma peke yangu na maji niliyamwaga mwenyewe, kwa hiyo hakukuwa na wa kunikamata. Nilifanya hivyo siku kumi na saba.

Siku ya kumi na nane nilikuta chupa imefurika. Maji yalikuwa yamemwagikia kwenye mtungi wa nje, ikabidi nipime mara tatu na kujumlisha. Sitini na tatu. Sikuwahi kuona namba kama ile. Nikakaa chini kwenye matope na sare yangu. Nilijua kwamba tanuri limeshapangwa, matofali elfu nane, na kwamba baba mdogo ameshika kiberiti anasubiri simu. Nilijua pia mama ataufunga ule mfuko kifuani. Nikamwona rafiki yangu, jinsi alivyokuwa wakati wanamfunika. Kisha nikayamwaga maji, nikasimama, na mahali pa sita nikaandika mbili.

"Ishirini na tatu?" fundi baiskeli alishangaa, akiutazama ubao kisha barabara iliyojaa madimbwi. "Mbona huku kwetu mabati yamepigwa kama ngoma?"

"Ndivyo kipimo kilivyosema, fundi."

Akakuna kichwa. "Haya. Kipimo kina macho kuliko mimi." Akapiga simu.

Maji yalifika bondeni saa nane mchana. Tuliyasikia tukiwa darasani, mngurumo wa chini uliotikisa vioo vya madirisha. Watu wa bondeni waliyaona yakija wakakimbia, na kwa kuwa ilikuwa mchana, karibu wote waliwahi kupanda. Baba mdogo naye angewahi. Lakini tanuri lilikuwa na moto wa saa tano tumboni, naye akarudi kuziba kwa udongo midomo ya tanuri, yale matundu ya kuingizia kuni, ili maji yasiingie. Maji yaliingia. Matofali yenye moto yalipokutana na maji ya baridi yalipasuka, ukuta mzima wa tanuri ukaporomoka na kumlalia mguu. Baba na wenzake walimchomoa maji yakiwa kifuani.

Hospitalini walimkata mguu wa kulia, chini ya goti. Hakuna aliyekufa, lakini nyumba kumi na mbili zilikwenda, na ya kwetu ilibaki na kuta mbili. Tulihamia shuleni, kwenye chumba cha darasa la kwanza, familia nne kwa chumba kimoja, tukatenganisha sehemu zetu kwa mapazia.

Nilipelekwa kumwona baba mdogo siku ya nne. Alikuwa amelala chali, amekonda uso, lakini aliponiona akakonyeza. "Karani, kuanzia sasa nitavaa soksi moja, ya pili naiweka ya akiba. Wewe unafikiri soksi zangu zitadumu miaka mingapi?" Wauguzi walicheka. Mimi nilitoka nje nikatapika kwenye maua.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi. Mwalimu Ramani aliniagiza nilete daftari la mvua, kwa hiyo nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimelikumbatia. Fundi baiskeli ndiye aliyesimama wa kwanza. Alikuwa amenyoa na kuvaa shati safi, nami sikuwahi kumwona bila grisi.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," alisema. "Niliona kwa macho yangu kwamba mvua ni kubwa, nikaamini kile kichupa. Sasa yule bwana nitamtazamaje? Mwalimu, king'oe kichupa chako. Tulikuwa tunaishi bila kichupa."

"Na hayo masomo yenu ya tabianchi nayo yakome," alidakia mama mmoja. "Mwanangu halali. Kila siku ananiuliza tutakufa lini. Mtoto anafundishwaje mambo ya kufa?"

Watu wakaguna kuunga mkono. Mwalimu mkuu akamgeukia Mwalimu Ramani, naye akasimama polepole. Uso wake ulikuwa umechoka. "Kipimo nilikileta mimi," alisema. "Kama kimekosea, kosa ni langu. Kikao kikiamua kiondolewe, nitakiondoa leo hii."

Nilielewa mara moja maana yake. Wangekiondoa. Mvua nyingine ingekuja bila mtu kujua, na safari hii labda ingekuja watoto wamelala. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuitambua.

"Kipimo hakikukosea. Kilisema sitini na tatu. Mimi niliandika ishirini na tatu."

Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaweza tena. Nikawaambia kuhusu zile siku nyingine zote. Mama akajifunika uso kwa mtandio. Baba alisimama, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi, akatoka nje. Hakuzungumza nami kwa siku nne, na nazitaja siku hizo kwa sababu zilikuwa ngumu kuliko fimbo yoyote.

"Kwa nini?" aliuliza fundi baiskeli. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama amepigwa kofi. "Kwa nini, binti?"

"Nilikuwa naogopa. Nikiandika namba kubwa, kila mtu anaogopa. Nilitaka wasiogope."

Mwalimu Ramani alikuja hadi mlangoni, akachuchumaa mbele yangu na sketi yake ikagusa vumbi. "Unaogopa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mwalimu."

Alipoinuka aliwageukia wazazi. "Amefanya kosa kubwa, na atalibeba. Lakini la kwangu nalo lisemwe hapa. Nimewafundisha watoto hawa kupima mvua kwa miezi minane. Sikuwauliza hata siku moja hiyo mvua inawafanya nini wenyewe. Nilichora mstari, nikawaachia, nikaondoka. Mkitaka niache kufundisha habari hizi, watoto bado watayaona maji. Watakuwa wanaogopa bila kuelewa, na bila wa kumwambia. Naomba nijaribu tena, safari hii vizuri."

Walibishana mpaka jua likapungua. Mwisho wakakubali kipimo kibaki, kwa sharti kwamba kisomwe na watu wawili, na mmoja awe mzazi. Mimi nilivuliwa ukarani. Hiyo ilikuwa haki.

Kesho yake Mwalimu Ramani aliingia darasani bila ramani. "Leo hatuandiki," alisema. "Leo kila mmoja atasema mvua ikianza yeye hufanya nini. Asiyetaka asiseme. Naanza mimi. Nina mtoto wa miaka miwili. Nikichora ule mstari nafikiria umri wake. Ndiyo sababu kengele ikilia nakimbia."

Hatukujua kwamba walimu nao hukimbia. Kisha mvulana mrefu kuliko sote, tuliyemwita Twiga, akasema kwamba analala amevaa viatu. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Hata mimi." Ikawa kama bomba lililozibuka. Mmoja alikuwa anahesabu matone kwenye bati. Mmoja alikuwa na hasira na mlima, anautupia mawe. Mmoja alisema haogopi chochote, halafu akalia. Mimi nikasimama, nikataja jina la rafiki yangu. Lilikuwa halijasikika mle ndani kwa mwaka mzima. Darasa zima liliangua kilio, na mwalimu mkuu akaja mbio akidhani kuna nyoka. Aliposikia jina lile, aliketi kwenye dawati la nyuma, akavua miwani, akakaa nasi mpaka kipindi kikaisha.

Baada ya hapo kila somo la tabianchi lilikuwa na sehemu hiyo ya kuzungumza, na sehemu nyingine ya kuamua nani atafanya nini. Tulichora njia ya kupandia. Kila mkubwa alipewa mtoto mmoja au wawili wadogo wa kuwashika mkono. Mimi nilipewa mdogo wangu na jirani yake. Jumamosi Mwalimu aliwafundisha wazazi kusoma kipimo, fundi baiskeli akiwa mbele kabisa anauliza maswali ya kumtoa mtu jasho. Woga wangu haukwisha. Ila mdogo wangu akaanza kula.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Baba mdogo alitoka hospitali na magongo mawili. Nilimkuta ameketi nje ya darasa tulilohamia, anajaribu kuikunja suruali upande usio na mguu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanitoka. Nikapiga magoti, nikasema, "Nisamehe, baba mdogo."

Hakukonyeza.

"Sitakudanganya," alisema. "Mguu unaniuma hata mahali ambapo haupo, na kila ukiuma nakukumbuka wewe. Kuna siku nakukasirikia sana. Leo ni mojawapo." Akavuta pumzi. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kuogopa si kosa. Mimi nimechoma matofali kando ya mto ule miaka ishirini, na niliogopa kila msimu. Kosa lako ni kwamba uliuficha woga wako, kisha ukatuamulia sote peke yako. Mtu mzima akiambiwa ukweli ana nafasi ya kukimbia. Ukimficha, umemnyima hiyo nafasi. Ukiogopa, sema. Sema namba ilivyo, na useme kwamba inakutisha. Sisi wengine tutakuja upande wako."

Kisha akaniomba nimshikie suruali, na nikamshikia.

Mvua kubwa ilirudi mwezi uliofuata. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Twiga na fundi baiskeli. Waliandika hamsini na nane langoni, na dakika hiyo hiyo simu ikapigwa. Mdogo wangu na jirani yake walikuwa wameteremka na mama shambani, basi nilishuka na wenzangu kupokea watu njiani, nikapanda nao, mdogo wangu mkono wa kulia, jirani yake wa kushoto. Mdogo wangu alisema, "Naogopa," kwa sauti kubwa, na mwenzake akajibu, "Mimi zaidi," wakabishana hivyo hadi juu. Saa saba mchana mto ulipita na kuta zetu mbili zilizobaki. Tukiwa uwanjani tuliziona zikienda. Mama alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Tulihesabiwa mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa tumetimia.

Baba mdogo alikuwa kwenye mlango wa darasa, gongo moja kwapani, anasaidia kuingiza vitu vilivyolowa. Aliponiona nimesimama natazama maji, akaniita.

"Unaogopa?"

"Sana, baba mdogo."

"Na mimi pia. Haya, shika ncha hiyo ya godoro."